Mpapindi: Mti wa Msitu wa Mvua Katika Bonde la Ruaha

Chama cha ushirika kilicho kando ya barabara kuu hakikosi mwanachama wa kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza kwa nini fedha ya chama itegemee zao moja tu. Swali hilo ni la haki, na Ruaha Mbuyuni lina uzito wa pekee. Vitunguu vya bonde hili ni zao jema, lakini bei yake hupanda na kushuka kama maji ya mto wenyewe, na mkulima aliyevuna wakati wenzake wote wamevuna hujikuta akiuza kwa hasara. Miongoni mwa mapendekezo yatolewayo nyakati kama hizo ni kuanzisha kitalu cha miti ya mapambo, ili miche iuzwe kwa wasafiri wapitao kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Miti ya jamii ya minazi hutajwa kwanza, kwa kuwa hupendwa na wenye hoteli na watu wanaojenga mijini.

Makala haya yanaueleza mmoja wa miti hiyo, ulio adimu kuliko karibu yote ya Afrika Mashariki, nao ni mpapindi wa Pemba. Yanaeleza mti huo ni wa namna gani, unahitaji nini ili uote, na kwa nini halmashauri ya chama isiidhinishe hata shilingi moja kabla ya kujibu maswali fulani juu ya maji, mbegu na wakati.

MTI WENYEWE

Mpapindi huota porini katika kisiwa cha Pemba tu, na makao yake makuu ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho. Ndugu zake wa karibu hawako bara. Wako Bukini, yaani Madagaska, ambako jamii yake ina miti ya aina nyingi mno. Shina lake ni laini, lenye pete pete mahali majani ya zamani yalipodondoka, na huweza kufikia urefu wa mita 12 hivi. Pengine husimama peke yake, pengine huchipua mashina kadhaa kutoka mzizi mmoja. Chini ya kilele, vikonyo vya majani hukumbatiana na kufanya kama bomba la rangi ya kijani, na hapo chini yake ndipo vishada vya maua hutokea. Matunda yakiiva huwa mekundu. Ni mti wa kupendeza, na hapana haja ya kuueleza zaidi kwa uzuri. Anayeuona mara moja huelewa kwa nini watu wa Florida na Hawaii, huko Marekani, waliutafuta na kuupanda katika bustani zao.

Jina lake la kitaalamu limebadilika mara mbili. Harold E. Moore, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa miti ya jamii ya minazi, aliuandika mwaka 1962 kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa jina la Dypsis pembana. Mwaka 2022 wataalamu wakaurudisha katika jina la kwanza. Mambo haya yasidhaniwe kuwa ni anasa ya wasomi. Chama kinachoagiza mbegu au kuomba kibali kitakuta mti ule ule umeandikwa kwa majina mawili katika vitabu na orodha mbalimbali, na karani asiyelijua jambo hili anaweza kuandika hesabu za aina mbili mahali penye aina moja.

Kuwa adimu kwa mpapindi kuna sababu ya kibiashara, na wanaushirika yafaa waijue. Hapo zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Katika karne ya 19 misitu hiyo ilifyekwa ili kupanda mikarafuu, na kazi hiyo iliongezeka baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba soko la dunia. Kilichosalia cha maana ni Ngezi, msitu wa hekta 1,440 hivi. Eneo hilo mtu mzima mwenye miguu mizuri anaweza kulizunguka kwa siku moja. Mti ambao makao yake yote yanazungukwa kwa siku moja hauwezi kustahimili wanunuzi wanaong'oa miche yake porini.

JOTO LIPO, UNYEVU HAUPO

Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ni nchi ya baridi. Njombe na Mufindi hupata hata jalidi katika miezi ya Juni na Julai, na Iringa mjini, palipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, usiku wake ungeudumaza mpapindi hata kama haukuuua. Ruaha Mbuyuni ni habari nyingine. Msafiri atokaye Iringa huteremka Kitonga kwa kona zile zinazojulikana, hupita Mahenge na Mtandika, na hapo huanza kufungua vifungo vya shati. Bonde hili lina joto mwaka mzima, na mbegu za miti ya jamii hii huota vizuri zaidi katika udongo wenye joto. Kwa hiyo mwanachama anayesema kuwa Ruaha Mbuyuni panaweza kuotesha mbegu za mpapindi hasemi upuuzi.

Taabu iko kwenye unyevu. Ngezi hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, ya masika na ya vuli, na hata miezi iliyo kati haikosi manyunyu. Hewa ya baharini haikauki, na miti mikubwa hufunika ardhi isipigwe na jua. Bonde la Ruaha hupata chini ya nusu ya mvua hiyo, tena katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mawingu ya mvua yatokayo baharini huimwaga mizigo yake katika miteremko ya mashariki ya milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero, na upande huu wa nyuma hubakiwa na makombo. Jina la mahali linatosha kuwa ushahidi. Mbuyu ni mti uliojifunza kuweka maji ndani ya shina lake na kuangusha majani wakati wa kiangazi. Mpapindi haujui lolote kati ya hayo mawili. Majani yake hubaki mtini mwaka mzima, na yakikosa maji huungua kuanzia ncha, kisha kingo, kisha jani zima.

Upepo nao uhesabiwe. Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo wa bondeni huwa mkavu na wa moto, nao humkausha mche upesi kuliko jua. Wakulima wengi hujenga kivuli juu ya kitalu na kusahau pande zake, kisha hushangaa miche inapokufa kivulini.

MBEGU ITOKE WAPI

Mbegu ya mpapindi haihifadhiki ghalani kama mahindi. Ikikauka, uhai wake hupotea katika muda wa wiki chache. Kwa sababu hiyo mbegu iliyokaa dukani kwenye karatasi kwa miezi ni hasara iliyokwisha kulipiwa, hata kama ilinunuliwa kwa bei nafuu.

Ngezi ni hifadhi, na misitu ya Zanzibar inasimamiwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 1996. Kuokota mbegu au kung'oa miche humo bila kibali ni kosa. Hapana chama kinachoweza kujitetea kwa kusema kuwa mbegu zililetwa na mtu wa barabarani ambaye jina lake halikuulizwa. Njia iliyo halali na iliyo bora ni kupata mbegu kutoka miti iliyokwisha kupandwa katika bustani, ambayo ipo Unguja na Dar es Salaam, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye bustani. Mbegu zikitoka visiwani, idara ya misitu ya huko iulizwe kwanza, na kwa upande wa bara iulizwe Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, kabla mzigo haujavuka bahari. Karatasi hizo zibandikwe katika jalada la kitalu. Mnunuzi wa hoteli kubwa ataziomba, na chama kitakachoweza kuzionyesha kitauza kwa bei tofauti na yule anayeuza kando ya gari.

Kuna hadaa moja ambayo ni lazima itajwe. Miche mingi inayouzwa mijini kwa majina ya kuvutia ni areka ya kawaida, mti wa Madagaska ambao uko katika kila bustani ya mapambo na hauna uadimu wowote biasharani. Areka huwa na mashina mengi membamba yaliyosongamana, na vikonyo vyake huelekea rangi ya manjano. Matunda yake huanzia manjano na kuishia rangi nyeusi ya zambarau. Mpapindi una mashina machache na manene zaidi, bomba lake ni la kijani, na matunda yake ni mekundu. Mche wenye umri wa miezi sita ni vigumu hata kwa mtaalamu kuutambua. Basi asiyeuona mti mama asinunue.

KAZI YA KITALU

Matunda mekundu yaliyoiva huloweshwa maji kwa siku mbili, kisha nyama husuguliwa kwa mchanga na kuoshwa mpaka mbegu ibaki safi. Anayefanya kazi hiyo avae mifuko ya nailoni mikononi, maana utomvu wa matunda ya miti mingi ya jamii hii huwasha ngozi. Nyama ikiachwa juu ya mbegu huleta ukungu, na mbegu huoza kabla ya kuota. Mbegu zilizosafishwa zilowekwe tena usiku mmoja katika maji safi, zipandwe siku inayofuata.

Sanduku la kuoteshea lijazwe mchanga wa mto ulio chekechwa na kuoshwa, uliochanganywa na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu. Mbegu ifunikwe kwa udongo wa unene wake yenyewe tu. Sanduku likifunikwa kwa gunia lenye unyevu, joto la Ruaha litafanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa kwa umeme. Kuota si kwa pamoja. Mbegu za kwanza zinaweza kutoa ncha baada ya mwezi mmoja, na nyingine zikakawia miezi mitatu au zaidi. Vijana wanaopewa zamu ya kitalu waelezwe jambo hili mapema, kwani masanduku mengi yamemwagwa na watu waliochoka kusubiri wakati mbegu zilizobaki zilikuwa hai.

Jani la kwanza likifunguka, mche uhamishiwe kwenye kiriba kirefu, chenye kina cha sentimita 25 au 30, kwa sababu mzizi wake hushuka chini upesi. Mchanganyiko unaofaa ni udongo wa juu sehemu mbili, mchanga sehemu moja na mboji sehemu moja. Samadi mbichi isitiwe, maana huunguza mizizi. Wala udongo mweusi usifuatwe katika msitu wa Udzungwa, ambao sehemu yake kubwa iko ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Mabua ya mahindi, pumba za mpunga na samadi ya zizini vikilundikwa, kuloweshwa na kupinduliwa kwa miezi michache, hutoa mboji nzuri hapo hapo kijijini.

Kichanja cha kivuli kijengwe kwa namna ya kuacha robo tu ya jua ipite katika mwaka wa kwanza. Matete yanatosha, tena ni bora kuliko bati, ambalo huurudisha moto chini. Upande unakotoka upepo uzibwe kwa ua wa matete hadi urefu wa mtu. Chini ya viriba patandazwe mchanga, na mchanga huo ulowanishwe asubuhi, ili hewa iliyo kati ya miche iwe na unyevu. Miche ikiona ukavu, utitiri mwekundu hauchelewi; huonekana kwa vidoa vya rangi ya kutu upande wa chini wa jani, na dawa yake ya kwanza ni maji yanayonyunyizwa chini ya jani. Vidugamba vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mchwa wa bondeni hawahitaji maelezo kwa wenyeji.

MAJI YA VITUNGUU NA MAJI YA MICHE

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kitalu cha viriba 500, kila kimoja kikipewa nusu lita kwa siku, hutumia lita 250, yaani ndoo 12 na nusu za lita 20. Kwa siku 180 za kiangazi ni lita 45,000. Kiasi hicho si kikubwa kikilinganishwa na maji yanayoingia katika shamba la vitunguu. Lakini kitunguu hunyweshwa kwa zamu na huvunwa ndani ya miezi michache, na shamba likivunwa mfereji waweza kufungwa. Miche ya mpapindi hainywi kwa zamu. Hunywa kila siku, pamoja na siku ya mkutano, siku ya msiba na wiki ile ambayo mfereji umefungwa ili kutolewa mchanga. Siku tatu za kusahau mwezi wa Oktoba hufuta kazi ya miaka miwili.

Chama kisichokuwa na kisima au tangi lililo karibu na kitalu kisianze. Kutegemea mfereji wa umwagiliaji peke yake ni kuwaingiza wanachama katika ugomvi, kwa maana mwenye shamba la mwisho wa mfereji, ambaye siku zote hupata maji machache, ataona maji yanakwenda kwenye maua ya matajiri. Malalamiko yake yatakuwa ya kweli. Kanuni ya kugawana maji itungwe kabla ya mbegu kununuliwa, na isomwe mbele ya wote.

Jambo jingine ni chumvi. Katika nchi kavu maji hukauka juu ya udongo na kuiacha chumvi yake, na ncha za majani huwa za kahawia hata kama mche hauna kiu. Kwa hiyo mara moja kwa wiki kiriba kinyweshwe mpaka maji yatiririke kwa chini. Kunyunyiza kidogo kidogo juu juu hudhuru.

WAKATI NA FEDHA

Mkulima wa vitunguu amezoea kuiona fedha yake katika msimu ule ule. Mche wa mpapindi unaofaa kuuzwa kwa heshima huhitaji miaka miwili hadi mitatu. Katika muda huo mlinzi analipwa, viriba vinachakaa, matete yanabadilishwa, na hakuna kinachoingia. Ndiyo maana mradi huu usianzishwe kwa mkopo wa muda mfupi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka ukomo wa madeni ya chama uamuliwe na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Mkopo unaorudishwa baada ya mavuno ya vitunguu, ukitiwa katika miche isiyovunwa mpaka mwaka wa tatu, utakula nafasi ya kukopea pembejeo za wanachama wote. Fedha ifaayo ni sehemu ndogo ya ziada ya mwaka, iliyopitishwa katika makisio, ambayo ikipotea yote hakuna mwanachama atakayekosa mbegu wala mbolea.

Inafaa pia chama kiutafute usaidizi wa mahali panapoufaa mti wenyewe. Katika mkoa wa Mbeya iko Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, nchi ya chini na yenye joto kama Ruaha, lakini yenye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kakao na michikichi hustawi huko bila kichanja cha matete. Kwa haki, kama mpapindi ungepewa nafasi ya kuchagua makao Nyanda za Juu Kusini, ungechagua Kyela, wala usingetazama bonde la mibuyu mara mbili. Ruaha Mbuyuni pana barabara na wanunuzi. Kyela pana mvua. Vyama vya msingi vya sehemu hizo mbili vikikubaliana, miti mama ya kutoa mbegu ingepandwa Kyela chini ya kivuli cha kakao, na miche iliyokwisha kukomaa ikaletwa Ruaha kwa kuuzwa, ikikaa chini ya kichanja kwa wiki chache tu. Mpango kama huo huondoa sehemu kubwa ya kazi ya maji iliyoelezwa hapo juu, na huondoa kabisa sababu ya mtu yeyote kuitazama Ngezi kwa tamaa.

Mwanachama anayeutaka mpapindi kwa nyumba yake mwenyewe hapa bondeni hazuiliwi. Aupande mwanzo wa mvua, mahali penye kivuli cha mwembe mkubwa, karibu na bomba au mahali pa kuogea, katika shimo la sentimita 60 kila upande lililojazwa mboji, na aufunike shina kwa majani makavu. Mti mmoja unaotazamwa na mama wa nyumba kila asubuhi hupona mahali ambapo miti 100 ya chama hufa.

Kwa chama, mwanzo unaofaa ni viriba 50, si 500, vikae msimu mmoja mzima wa kiangazi karibu na ofisi, chini ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Daftari liwekwe la siku ya kupanda, idadi ya mbegu zilizoota, ndoo za maji za kila siku na miche iliyokufa pamoja na sababu yake. Mwisho wa Oktoba miche iliyo hai ihesabiwe mbele ya Bwana Shamba na wajumbe wawili wa halmashauri, na hesabu hiyo isomwe katika mkutano mkuu kabla ya makisio ya mwaka unaofuata kujadiliwa.